Nani Anahesabiwa: Historia ya Kupima Hospitali za Umma Nairobi

1901–1962: Hesabu za mtawala

Mwaka 1902, miaka mitatu baada ya reli kufika Nairobi, tauni ilizuka katika soko la Wahindi. Wakuu wa mji hawakungoja. Soko liliamriwa kuchomwa moto, na wenye maduka wakabaki kutazama mali yao ikiteketea. Amri hiyo ilikuwa na hoja yake, kwa kuwa tauni hufuata panya na mrundikano, lakini ilionyesha mapema ni afya ya nani iliyowashughulisha watawala.

Mwaka mmoja kabla ya moto huo, serikali ilikuwa imefungua hospitali ya Waafrika iliyoitwa Native Civil Hospital. Ilikuwa na vitanda 40. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa hospitali kubwa kuliko zote nchini, ile ambayo leo inasimama Upper Hill, upande wa magharibi wa katikati ya jiji, na ambayo wakazi huiita Kenyatta tu.

Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki. Alipendekeza Wazungu, Wahindi na Waafrika watengewe maeneo mbalimbali, na akaegemeza pendekezo hilo juu ya sababu za kiafya. Takwimu za magonjwa zikawa kisingizio cha kuchora ramani ya ubaguzi ambayo Nairobi haijaifuta hadi leo: hewa safi na nafasi magharibi, msongamano mashariki.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika mtaa wa Kariakor, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na lishe duni, si risasi. Baada ya vita, taarifa za kila mwaka za Idara ya Tiba zilijaa namba: waliolazwa, waliofariki, waliochanjwa, waliodungwa sindano za buba. Zilikusanywa kwa bidii na kupelekwa London. Swali lililoziendesha lilikuwa moja: je, nguvukazi ya koloni inatosha, na inagharimu kiasi gani kuitunza?

Mambo mengine yalipita haraka. Mwaka 1926 Lady Grigg, mke wa gavana, alianzisha nyumba ya kujifungulia wazazi huko Pumwani. Mwaka 1952, mwaka ilipotangazwa Hali ya Hatari, hospitali ya Waafrika ilipewa jina la Mfalme George wa Sita. Uhuru ulipofika, Wakenya walirithi majengo na pia tabia ya kuhesabu iliyokuja nayo: namba huandikwa chini, husomwa juu, na hazirudi tena kwa aliyeziandika.

1963–1988: Milango wazi, wenye nyumba wawili

Serikali mpya ilikuwa imeapa kupigana na maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 iliondoa ada ya shilingi tano aliyokuwa akitozwa mgonjwa wa nje katika vituo vya serikali. Watu wakaja. Mafanikio yalipimwa kwa kile kilichoonekana kwa macho, yaani zahanati zilizofunguliwa, vitanda vilivyoongezwa, madaktari waliohitimu. Mwaka 1967 shule ya udaktari ya chuo kikuu ilianza Nairobi, na Kenyatta ikawa darasa lake.

Uamuzi wa mwaka 1970 haukupigiwa tarumbeta, ila uzito wake unasikika hadi sasa. Mwaka huo serikali kuu ilizichukua huduma za afya kutoka kwa mabaraza ya wilaya vijijini, lakini manispaa kubwa zikaachiwa za kwao. Hivyo Nairobi ikabaki na wenye nyumba wawili. Wizara ya Afya, yenye makao yake Afya House kwenye barabara ya Cathedral, ilikuwa na Kenyatta. Baraza la Jiji, pale City Hall, lilikuwa na Pumwani pamoja na kliniki za mitaa: Westlands, Kangemi, Riruta, Waithaka na nyinginezo. Kila mmoja alihesabu wagonjwa wake na kuwasilisha ripoti kwa wakubwa wake.

Mgonjwa hakuujua mpaka huo. Mama wa Kawangware aliyekuta kliniki ya baraza haina dawa alipanda matatu hadi Kenyatta, akapanga foleni katika hospitali ya rufaa ya taifa kwa homa ya mtoto. Katika rejista za Kenyatta alionekana kama mzigo usiostahili kuwa pale. Katika rejista za kliniki aliyoiacha, hakuonekana kabisa. Hapa ndipo upimaji wa afya ya Nairobi ulipopotoka, na kila mfumo uliofuata umekuwa ukihangaika na pengo hilo hilo.

Jiji nalo lilikuwa likifura. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286, na ya 1979 ikahesabu 827,775. Kufikia 1989 walikuwa 1,324,570. Baraza la Jiji lilivunjwa mwaka 1983 na mahali pake pakachukuliwa na tume iliyoteuliwa na serikali, nayo Kenyatta ikafanywa shirika la umma mwaka 1987 ili iwe na bodi yake na uhuru wa kujiendesha. Uhuru huo ulikuwa wa karatasi kwa miaka kadhaa. Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa jipya: hospitali ya umma sasa ingeulizwa kama kampuni inavyoulizwa, umetumia nini na umeleta nini?

1989–2002: Rejista ya kliniki ya Casino

Tarehe 1 Desemba 1989, huduma za bure zilikoma. Hazina ilikuwa imekauka, wakopeshaji wa kimataifa walikuwa wakishinikiza, na sera ya kuchangia gharama ikaanza. Mgonjwa alipaswa kulipa kabla ya kuonwa.

Matokeo yake yanafahamika kwa undani kwa sababu ya kliniki moja katikati ya jiji. Upande wa River Road palikuwa na kliniki ya magonjwa ya zinaa ya Tume ya Jiji, maarufu kama Casino. Ilikuwa kituo cha rufaa, na makarani wake waliandika kila aliyeingia. Watafiti walizichukua rejista hizo na kulinganisha vipindi vitatu: kabla ya ada, miezi tisa ya ada, na baada ya ada kuondolewa. Matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1992.

Wakati wa ada, wastani wa wanaume waliofika kila mwezi ulishuka hadi asilimia 40 ya ule wa awali. Wanawake walishuka hadi asilimia 65. Ada ilipoondolewa, wanawake walirudi kwa wingi, hadi asilimia 122 ya kiwango cha mwanzo, lakini wanaume walifika asilimia 64 tu. Wengi walikuwa wamepotea moja kwa moja, na walipotea na magonjwa yao, katika jiji ambalo ukimwi ulikuwa tayari unasambaa na ambapo kidonda cha zinaa kisichotibiwa kiliufungulia mlango.

Rejista ya kawaida ya karani, isiyo na kompyuta, ilionyesha ubaya wa sera ambayo jedwali la Hazina lingeisifu. Huo ulikuwa upimaji wa kweli wa utendakazi. Ulimfuata mtu aliyekosekana, si yule aliyefika tu.

Serikali ilisimamisha ada mnamo Septemba 1990, kisha ikazirejesha kwa awamu kuanzia 1992, safari hii zikitozwa kwa matibabu badala ya kumwona daktari. Kiasi kikubwa cha makusanyo, robo tatu, kilibaki katika kituo chenyewe, na robo iliyobaki ikaenda kwenye kinga katika wilaya. Kwa wasimamizi waliozoea kungoja dawa kutoka makao makuu, pesa hizo zilikuwa ahueni ya kweli, maana zilinunua glavu, sabuni na mafuta ya jenereta. Lakini zilileta kipimo kipya. Mhasibu akawa na nguvu wodini. Hospitali iliyokusanya vizuri ilihesabiwa kuwa inasimamiwa vizuri, na mgonjwa aliyepona bila uwezo wa kulipa akaanza kuonekana kama deni lililolala kitandani.

Mwaka 1995 hospitali ya magonjwa ya kuambukiza iliyokuwa chini ya Kenyatta ilitengwa ikawa Mbagathi, ili kuipunguzia Kenyatta msongamano. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilichapisha orodha ya mifumo ya afya ya nchi 191. Ufaransa ilikuwa ya kwanza, Kenya ya 140, Uganda ya 149 na Tanzania ya 156. Wataalamu wengi waliipinga mbinu iliyotumika, na shirika lenyewe halikuirudia orodha hiyo. Hata hivyo wazo kwamba mfumo mzima unaweza kupewa nafasi kama timu katika ligi lilikuwa limeingia vichwani.

2003–2010: Mikataba na madaraja

Serikali ya Mwai Kibaki iliingia na mpango wa kufufua uchumi, na ndani yake mikataba ya utendakazi. Kenya ilikuwa imewahi kuijaribu: Shirika la Reli lilitia saini mwaka 1989 na Bodi ya Nafaka mwaka 1990, na yote miwili ikafa bila matunda. Asili ya mtindo huo ni Ufaransa ya mwishoni mwa miaka ya 1960, ambako serikali iliandikiana ahadi na mashirika yake. Mwishoni mwa 2004 mashirika 16 ya umma yalitia saini kwa majaribio, kisha wizara, mabaraza ya miji na taasisi nyingine zikafuata.

Ghafla kila ofisi ya umma Nairobi ilikuwa na malengo yaliyoandikwa. Hospitali zilipaka hati za huduma kwenye kuta: utapewa kadi kwa dakika kadhaa, utaonwa na daktari kwa muda fulani, gharama ni hii. Kampeni za matokeo ya haraka ziliendeshwa kwa siku 100. Mwisho wa mwaka taasisi zilipewa madaraja, kuanzia bora kabisa hadi duni, na magazeti yakachapisha waliofaulu na walioburura mkia. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliipa Kenya tuzo ya utumishi wa umma kwa mpango huo.

Si haki kuudharau. Kwa mara ya kwanza mwananchi aliyeketi kwenye benchi aliweza kunyooshea kidole ukutani na kusema, mliahidi hivi. Mwaka 2004 pia ada katika ngazi za chini zilishushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano, ambavyo utafiti wa kitaifa wa 2003 ulivikuta 115 kwa kila watoto 1,000, vilishuka hadi 74 katika utafiti wa 2008–09. Vyandarua, chanjo na dawa mpya za malaria vilichangia sana.

Kasoro ilikuwa katika kilichopimwa. Malengo yalijadiliwa kati ya taasisi na serikali, na mjadala wa aina hiyo hupendelea vitu vinavyohesabika kirahisi: bajeti iliyotumika, mafunzo yaliyofanywa, jengo lililokamilika, ripoti iliyowasilishwa kwa wakati. Kama mtoto mwenye nimonia alipewa kipimo sahihi cha dawa usiku wa manane, hilo halikuwa na safu katika jedwali.

Kuna waliokwenda kuangalia. Mwaka 2004 Mike English na wenzake wa mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust walichapisha katika Lancet matokeo ya uchunguzi wa matibabu ya watoto waliolazwa katika hospitali za wilaya 13. Walikuta mapungufu katika mambo ya msingi: vifaa, miongozo, uchunguzi wa mgonjwa, ufuatiliaji wodini. Ripoti za kiutawala hazikuwa zimeliona jambo hilo. Ilibidi mtu asimame kando ya kitanda.

Mwaka 2007 shirika la wanasheria wanawake FIDA Kenya, pamoja na Center for Reproductive Rights, lilitoa ripoti juu ya yaliyowapata wanawake katika kujifungua: matusi, kupuuzwa, na kuzuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Pumwani ilitajwa humo. Wakati huo huo vifo vya wazazi vilikataa kushuka. Utafiti wa 2003 ulikadiria vifo 414 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2008–09 ukakadiria 488. Taasisi zilikuwa zikipata madaraja mazuri, na akina mama wakiendelea kufa.

2011–2017: Kompyuta, mahakama na wagonjwa bandia

Katiba ya 2010 ilibadilisha msingi wa mazungumzo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kilichokuwa hisani ya serikali kikawa deni lake.

Mwaka uliofuata mapinduzi mengine yalikuja kimyakimya. Hadi wakati huo fomu za takwimu zilisafiri kwa karatasi na faili za kompyuta kutoka wilayani hadi Afya House, nyingi zikichelewa au kupotea. Kufikia Septemba 2011 Kenya ilikuwa imeeneza nchi nzima mfumo wa DHIS2, programu ya wazi iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka. Ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuuweka mfumo huo mtandaoni kwa taifa zima, kupitia modemu za simu.

Utaratibu wake unafaa kuelezwa, kwa sababu ndio unaoamua ukweli wa namba zote. Katika kituo kama cha Kangemi au Riruta, muuguzi huandika kila mgonjwa katika rejista. Mwisho wa mwezi anakaa na fomu, anahesabu mstari kwa mstari: wangapi wa kuhara, wangapi wa kifua, wajawazito wangapi wamefika mara ya nne. Fomu inatarajiwa kufika kwa afisa wa rekodi za afya ifikapo tarehe 5, na namba ziwe mtandaoni ifikapo tarehe 15. Anayehesabu ni yule yule anayechanja, anayezalisha na anayefungua stoo ya dawa. Akichoka, namba nazo huchoka.

Faida yake hata hivyo ni kubwa. Afisa aliye Afya House, au City Hall, anaweza kuona kwamba kituo fulani hakijachanja mtu kwa mwezi mzima. Swali ni kama anampigia simu muuguzi. Kwa miaka mingi namba zimepanda haraka kuliko majibu yalivyoshuka.

Mtandao wa takwimu za kitabibu, uliozinduliwa mwaka 2013 na watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust pamoja na Wizara, Chama cha Madaktari wa Watoto na hospitali za kaunti, ulijaribu kugeuza mwelekeo huo. Karani katika kila wodi ya watoto anaingiza taarifa za kila mtoto aliyeruhusiwa au kufariki. Kila baada ya muda daktari wa wodi hupokea ripoti ya wodi yake: wangapi walipimwa uzito, wangapi walipewa kipimo sahihi cha dawa, wangapi walipimwa virusi vya ukimwi. Hakuna zawadi, hakuna adhabu. Maendeleo yamekuwa ya polepole na yasiyolingana, lakini yapo, na yametoka kwa watu walioonyeshwa kazi yao wenyewe.

Jiji lilipata kioo kingine mwaka 2017, utafiti ulipochapishwa uliotumia wagonjwa bandia. Watu 14 walifundishwa kuigiza maradhi: maumivu ya kifua ya moyo, pumu, dalili za kifua kikuu, na mzazi wa mtoto anayehara nyumbani. Waliingia katika vituo 42 vya Nairobi, vya umma na vya binafsi, wakakutana na wahudumu mara 166. Kesi zilizoshughulikiwa ipasavyo zilikuwa asilimia 52. Mgonjwa wa kweli hawezi kujua kama yumo katika nusu ya kwanza au ya pili, ndiyo maana dodoso la kuridhika kwa wateja, lililopendwa sana enzi ya mikataba, haliwezi kushika nafasi ya kipimo hiki. Hapo awali Benki ya Dunia ilikuwa imefanya ziara za kushtukiza nchini na kukuta kwamba karibu watatu kati ya kila wahudumu kumi wa sekta ya umma hawakuwepo kazini, wengi wao kwa ruhusa rasmi. Mtu aliye semina naye hayupo wodini.

Na mahakama ikapima pia. Tarehe 17 Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua katika Mahakama Kuu jijini Nairobi kwamba kuwazuilia Pumwani wanawake wawili walioshindwa kulipa baada ya kujifungua kulivunja haki zao za kikatiba, na akaamuru walipwe fidia. Hukumu hiyo ilifika mahali ambapo jedwali lolote la utendakazi halijawahi kufika: iliuliza mgonjwa alitendewaje.

2013–2018: Kaunti na mwaka mchungu

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kliniki za jiji zilihamia kwa Kaunti ya Nairobi pamoja na hospitali za Pumwani, Mbagathi na Mama Lucy Kibaki, na Kenyatta ikabaki kwa serikali kuu. Mpaka wa mwaka 1970 ulibadilishwa mavazi tu. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bure katika vituo vya umma, na vituo vikawa vikirudishiwa pesa kwa kila uzazi: shilingi 2,500 kwa ngazi za chini na 5,000 kwa hospitali za kaunti. Akina mama waliitika. Lakini kila uzazi sasa ulikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa ile ile mama akihudumiwa vyema au vibaya.

Madaktari waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi walifuata kwa miezi mitano. Katika DHIS2 miezi hiyo inaonekana kama korongo.

Kisha ukaja mwaka 2018. Mnamo Februari, madaktari wa Kenyatta walifungua fuvu la mgonjwa asiyehusika. Waligundua wakiwa tayari kwenye upasuaji kwamba damu iliyoganda waliyoitafuta haikuwepo, kwani ilikuwa kichwani mwa mtu mwingine. Waziri wa Afya, Sicily Kariuki, alimpeleka mkurugenzi mkuu likizo ya lazima, na daktari aliyehusika akasimamishwa. Madaktari wenzake wakapinga, wakisema kosa la utambulisho wa wagonjwa ni la mfumo mzima, na walikuwa na hoja. Mnamo Septemba, gavana wa Nairobi alifika Pumwani bila taarifa na kukuta miili 12 ya watoto wachanga ndani ya masanduku. Nchi ilishtuka. Kwa waliokuwa wakifuatilia takwimu za wodi za watoto wachanga jijini, mshtuko haukuwa mkubwa hivyo: watafiti walikuwa wakionyesha kwamba muuguzi mmoja wa hospitali ya umma huachiwa watoto zaidi ya kumi kwa zamu. Kumsimamisha mtu hakubadilishi hesabu hiyo.

2020 hadi leo: Majengo, simu na bima

Mnamo Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kuthibitishwa, afya ya kaunti ilihamishiwa chombo cha serikali kuu, Nairobi Metropolitan Services, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Chombo hicho kiliahidi hospitali 24, nyingi katika mitaa ya kipato cha chini, na kadhaa zilifunguliwa, ikiwemo ya Uthiru-Muthua upande wa magharibi. Ilikuwa kazi ya haraka, na wakazi waliokuwa wakisafiri hadi Kenyatta walipumua. Lakini jengo si huduma. Mwaka 2022 hospitali hizo zilirudishwa kwa kaunti, na kaunti ikapaswa kuzitafutia wauguzi na dawa.

Jiji lililorudishiwa hospitali hizo lilikuwa limehesabiwa watu 4,397,073 katika sensa ya 2019.

Septemba 2023 wahudumu 100,000 wa afya ya jamii walizinduliwa katika bustani ya Uhuru, kila mmoja akiwa na mkoba wa vifaa, na taarifa za kaya zikawa zinaingizwa kwa simu mlangoni mwa nyumba. Mwezi uliofuata sheria nne za afya zilitiwa saini, na tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF, iliyodumu tangu 1966. Waajiriwa wanakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Serikali ilianza kupima mafanikio ya SHA kwa idadi ya waliojisajili, ambayo ilipita milioni 20, ingawa wanaochangia mara kwa mara walikuwa wachache zaidi. Mwezi Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alieleza kwamba mfumo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 unaoendesha bima hiyo si mali ya serikali. Yaani taarifa za utendakazi wa sekta nzima zinapita kwenye mtambo ambao umma unaulipia bila kuumiliki. Hilo si jambo la wahasibu pekee.

Haki itendeke kwa miaka hii yote: mengi yamekuwa bora. Utafiti wa 2022 ulikuta vifo vya watoto chini ya miaka mitano vimeshuka hadi 41 kwa kila 1,000, na karibu akina mama tisa kati ya kumi wanazalishwa na mhudumu mwenye ujuzi. Lakini vifo vya wazazi, kwa makadirio ya sensa ya 2019, vilikuwa bado 355 kwa kila vizazi hai 100,000. Akina mama wamefika hospitalini kama walivyoombwa. Kinachowakuta humo ndani ndicho kisichopimwa vya kutosha.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Uganda ilianza mwaka 2003 kuzipanga wilaya zake katika jedwali la ligi. Tanzania ilitoa nyota kwa vituo vya msingi mwaka 2015/16, na karibu theluthi yavyo havikupata hata moja, ukweli mchungu uliotangazwa na serikali yenyewe. Nairobi haijawahi kubandika alama kama hizo kwenye lango la kituo cha Kangemi au Waithaka, ingawa takwimu za kufanyia hivyo zinaingia mtandaoni kila mwezi.

Mkazi hahitaji kungoja. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, nayo ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa maisha ya mtu yamo hatarini. Barua moja kwa idara ya afya pale City Hall, ikiuliza ni mara ngapi mwaka jana kituo cha mtaa kiliishiwa oksijeni, damu au dawa ya kuzuia mama kutokwa damu, na ni wauguzi wangapi walikuwa zamu ya usiku, ni ombi halali. Anayesoma haya na anaishi Kawangware, Kangemi, Riruta au Westlands aiandike.